Milango Miwili ya Mchezani

Nilikaa Mchezani siku thelathini na moja. Haya ninayoyaandika niliyaona mwenyewe au niliambiwa na waliohusika. Niliyoyasikia kwa watu wa kando nimeyaacha huko huko.

Niliitwa kwa kazi. Mimi ni mwandishi wa maelezo ya mashine. Maisha yangu yote nimeandika yale maneno madogo yanayobandikwa kwenye pampu, cherehani na majiko: washa, zima, usiguse hapa. Baraza la nchi ile lilikuwa limeishiwa na maneno. Lilikuwa na vitufe mia nne na kumi na viwili vilivyokwisha kuchorwa na kutiwa rangi, lakini havikuwa na majina, na wenyeji walikuwa wamechoka kuvibuni. Wakaagiza mgeni.

Watu wa Mchezani wana mchezo mmoja tu, wa kompyuta, unaoitwa Bustani. Hauna mshindi. Kila siku saa sita mchana nchi nzima hukaa mbele ya skrini na kuingia humo kwa saa mbili, kulima, kujenga, kutembeleana na kuuziana mboga ambazo haziliwi. Waliouunda waliondoka zamani bila kuaga, wakaacha ruhusa moja: kila mtu anaweza kuubadilisha. Anayeongeza kisima, au mnyama, au wimbo, husemwa ametia kiraka. Bustani ninayoizungumzia ina viraka zaidi ya elfu kumi, na wenyeji husema nguo ya asili haionekani tena.

Ruhusa hiyo ndiyo iliyoigawa nchi. Kiraka kinaweza kutiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufungua dirisha lenye picha na vitufe, ukaona kila kitu kimepangwa, ukabofya. Ya pili ni kukaa mbele ya skrini nyeusi isiyo na kitu ila kistari kinachopepesa, ukaandika amri kwa maneno. Kila mwananchi akitimiza miaka kumi na minane huapa kwenye mlango mmoja, na tangu hapo haruhusiwi kugusa mwingine. Wapicha wanakaa upande mmoja wa Barabara ya Kati, Wamaneno upande wa pili. Kiraka kilichosajiliwa kwa mlango mmoja hakiguswi na mtu wa mlango wa pili. Anayeruhusiwa kuvuka barabara ni mgeni, au mtu anayefuata jeneza, kwa kuwa makaburi ni ya pamoja.

Nilipewa chumba kwa mjane wa Kipicha, Bi Tunu, mfinyanzi wa miaka sitini na kitu. Asubuhi nilikwenda Nyumba ya Madirisha kuandika majina ya vitufe. Nilikuta ukumbi ambao skrini zake zilijaa vitufe hadi pembeni, na kitufe kimoja kikubwa cha kuficha vitufe vingine, na kingine cha kumkumbusha mtu vilivyofichwa. Msimamizi wa ukumbi, Mheshimiwa Kirobo, mama mpole sana, alinieleza kanuni yao: mtu asikutane kamwe na jambo asilolielewa.

Nikamuuliza, "Na akitaka jambo lisilo na kitufe?"

"Hataki," akasema. "Tumefanya utafiti."

Mchana nilivuka kwenda Mtaa wa Maneno, kwa sababu nilitaka kuwa mwadilifu. Huko nilikuta vyumba vitupu, safi, na watu wakimya wanaoandika bila kutazama vidole vyao. Wanaweza kuiomba mashine jambo lolote. Lakini ukikosea herufi moja mashine inanyamaza, au inafanya kitu kingine ambacho hukukiomba, na hakuna kurudi nyuma. Mzee mmoja alinionyesha kwa fahari mahali palipokuwa na kijiji kizima cha Bustani, alichokifuta kwa nafasi moja iliyozidi kati ya maneno mawili. Nilipouliza mwanafunzi anajifunzaje, nilijibiwa kwamba kuna Kitabu. Nilikifungua. Kilikuwa kimeandikwa vizuri sana kwa ajili ya mtu aliyekwisha kukijua.

Mambo hayo ningeyaandika kama nilivyoandika ya nchi nyingine, kisha nikarudi nyumbani. Lakini wiki ya pili nilimkuta Bi Tunu amekaa mbele ya skrini yake baada ya saa nane, wakati wenzake walikuwa wamekwisha kutoka Bustani, na mikono yake yenye udongo mkavu imelala mapajani.

Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Wamemnyamazisha."

Alikuwa akimzungumzia mumewe. Marehemu Makame alikuwa mtia viraka mashuhuri wa Kipicha. Jina lake limechongwa kwenye ukuta wa Nyumba ya Madirisha, la tatu kutoka juu, chini ya maneno Wabofyaji Wema. Katika viraka vyake arobaini na kitu kulikuwa na kimoja alichokitia kwa sauti yake mwenyewe. Kwenye lango la soko la Bustani alisimama mtu mwenye kikapu, na kila soko lilipofunguliwa mtu huyo aliwaita watu waingie. Makame alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Kwa miaka minne mkewe alikwenda langoni kila mchana kumsikiliza, kisha akaendelea na mambo yake.

Wiki ile Baraza lilikuwa limetia kiraka kipya cha mvua. Ngurumo yake ilikuwa imewekwa pale pale langoni. Viraka viwili vikigombea mahali pamoja, husikika kile kilichowekwa mwisho. Kwa hiyo mtu mwenye kikapu alifungua mdomo, na kutoka mdomoni ikatoka ngurumo.

"Si ungekiweka kile cha mzee baada ya mvua?" nikamuuliza.

Akanionyesha dirisha lake. Kulikuwa na picha ndogo ya mtu na kikapu, na chini yake maandishi: Kiraka hiki hakipatani na wenzake. Kisha vitufe viwili. Kimoja kilisema Ondoa. Cha pili kilisema Ondoa Baadaye.

Kitufe cha kubadili mpangilio hakikuwapo. Mheshimiwa Kirobo alinithibitishia kesho yake kwamba Baraza la zamani liliona habari za mpangilio zitawachanganya wananchi. Alisikitika kwa dhati. Alimpa Bi Tunu pole, akamkumbusha pia kwamba mwisho wa mwezi ilikuwa Siku ya Kufagia, ambapo viraka visivyopatana hufutwa moja kwa moja. Zilibaki siku tisa.

Jioni ile Bi Tunu aliniambia jambo ambalo hakuwa amenigusia. Alikuwa na mtoto, Idarusi, na alikuwa hai. Miaka kumi na moja iliyopita alisimama mbele ya milango miwili na baba yake amemshika bega, akaenda kuapa kwa Wamaneno. Makame alisema mbele ya watu kwamba mwanawe amechagua upuuzi. Tangu siku hiyo hawakuonana. Kwenye maziko ya baba yake Idarusi alifuata jeneza kama sheria inavyomruhusu, akasimama nyuma ya wote, akaondoka kabla ya dua kwisha.

"Wewe unavuka," aliniambia. "Mwulize kama anaweza."

Nikaenda. Idarusi alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka ishirini na tisa, mwalimu wa chumba cha wanaoanza. Alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza alisema kwamba kazi yenyewe ni mstari mmoja, dakika moja haifiki. Kisha akasema haiwezekani.

"Kwa sababu ya sheria?"

"Sheria ipo. Lakini hata bila sheria. Njoo uone."

Akanionyesha skrini yake. Viraka vya Bustani vilishuka kimoja baada ya kingine, vyote namba tupu, elfu na elfu. Upande wao hakuna picha. Mtu na kikapu alikuwa mmoja wa namba hizo, naye hakujua ni ipi, na kuhamisha namba isiyo yenyewe kungeweza kuangusha soko lote.

"Yeye anamwona wala hawezi kumgusa," akasema. "Mimi naweza kumgusa, simwoni."

Nikapeleka maneno hayo kwa mama yake. Nikarudi na majibu yake, nikapeleka tena. Kwa siku nne nilikuwa mtu wa kuvuka barabara. Nilibeba rangi ya kikapu, upana wa lango, jina la mti ulio karibu, na kila nilichobeba hakikufaa, kwa kuwa namba hazijui rangi. Siku ya tano Bi Tunu alinawa mikono, akavaa kanga ya msibani, akaniambia nimsindikize.

Ilikuwa saa sita na robo, nchi yote imo Bustani. Kwenye kizuizi cha barabara alibaki askari mmoja wa zamu, na mbele yake kulikuwa na fomu ya kubofya. Sababu ya kuvuka: Mgeni. Jeneza. Bi Tunu alibofya la pili.

Askari akatazama barabara, juu na chini. "Jeneza liko wapi, mama?"

"Limetangulia," akasema. "Miaka minne sasa. Mimi ndiye niliyechelewa."

Yule askari alitazama fomu. Ilikuwa imejazwa kikamilifu. Akainua kizuizi.

Idarusi alipofungua mlango hawakukumbatiana. Alisema, "Shikamoo, mama," naye akajibu, "Marahaba," akaingia, akatafuta mahali pa kukaa katika chumba ambacho kilikuwa na kiti kimoja. Idarusi akampa kiti, yeye akapiga magoti mbele ya kibodi.

"Namba naweza kuzipanga kwa tarehe," alisema. "Alikitia lini?"

"Siku paa la jiko lilipoanguka."

"Mama, sikuwepo."

"Najua hukuwepo. Ni mwaka ule ule ulipotoka nyumbani, mwezi wa kumi, tarehe sita. Nilikuwa nafagia vigae, yeye amejifungia chumbani, nikamkasirikia."

Idarusi akaandika. Namba zikapungua hadi tatu. Akafungua ya kwanza. Ilikuwa ya mbuzi. Akafungua ya pili, na hapo akaacha kuandika.

Lazima nieleze kitu ambacho mimi mwenyewe nilielezwa baadaye. Kiraka, kikifunguliwa kwa upande wa maneno, ni maandishi. Katika maandishi hayo mstari unaoanza kwa alama ya reli, ile ya vistari vinne vilivyopishana, mashine huuruka bila kuusoma. Mistari hiyo huandikwa kwa ajili ya mtu atakayekuja kufungua. Madirisha ya Wapicha hayaionyeshi kabisa. Na kiraka kilichotengenezwa kwa kubofya hakiwezi kuwa nayo.

Hiki kilikuwa nayo, mistari saba juu kabisa. Idarusi aliisoma kimya, kisha mama yake akamwambia asome kwa sauti. Niliinakili kwa idhini yao.

"Idarusi. Nimejifunza haya kwa siri miezi minane, nione ulichokuwa unakiona.
Sikukiona chote. Mimi ni mzee na nakosea herufi.
Lakini nimeona kwamba si upuuzi.
Nilikuita mpuuzi mbele ya watu. Narudisha neno langu hapa kwa kuwa mbele ya watu sina ujasiri.
Nimesajili kiraka hiki kwa mlango wetu, wasijue.
Mama yako hajui. Kama ni yeye aliyekuleta, mwambie nilimficha kwa sababu hajui kusema uongo.
Sauti ni yangu. Ukipita sokoni utanisikia."

Bi Tunu aliinuka kitini akaisogelea skrini, akaitazama kama mtu anayetazama chungu kilichotoka tanurini na rangi asiyoitia yeye.

"Ulikuwa ukipita sokoni?" akauliza.

"Sikupita," Idarusi akasema. "Nilipita njia ya mtoni. Nilijua sauti yake ipo pale."

Kisha akaandika ule mstari mmoja, akausoma mara tatu, akabonyeza. Mashine haikusema kitu. Kwa Wamaneno ukimya huo ni habari njema.

Kesho yake saa sita mtu mwenye kikapu aliwaita watu sokoni, na mvua ikanyesha nyuma yake bila kumfunika. Saa tisa Idarusi alikuwa ameitwa mbele ya Baraza.

Baraza la Viraka lina wajumbe nusu kwa nusu. Wapicha waliongozwa na Mheshimiwa Kirobo, Wamaneno na Mheshimiwa Ngwali, mtu mkavu ambaye humkatiza shahidi akiacha neno na kumtaka aanze upya. Shtaka lilikuwa moja: mtu wa Maneno amegusa kiraka kilichosajiliwa kwa Picha. Adhabu ni kunyang'anywa kibodi miaka saba. Kwa mwalimu wa Mtaa wa Maneno hiyo ni sawa na kukatwa ulimi.

Nilijua, naye Idarusi alijua, kwamba ile mistari saba ingemwokoa. Kama kiraka kiliandikwa kwa maneno tangu mwanzo, basi ni cha Wamaneno, na hakuna kosa. Lakini hapo Makame ndiye angekuwa mwenye kosa, na sheria ya Mchezani haimsamehe mtu kwa kufa kwake. Jina lake lingetolewa ukutani. Alipoitwa, Idarusi alinituma kwanza kwa mama yake na maneno haya: asizungumze juu ya ile mistari. Aliposimama barazani alikiri kosa lote, akanyamaza.

Wajumbe walijadiliana saa nzima. Mmoja aliuliza kama kuhamisha ni kugusa. Mwingine alitaka kujua kama kidole kina mlango wake au hufuata mlango wa mwenyewe. Jambo la sauti ile, ni ya nani na inamfaa nani, halikuulizwa.

Ndipo Bi Tunu akaitwa kama shahidi. Kwa desturi ya Wapicha shahidi hupewa kadi tatu ainue moja: Ndiyo, Hapana, Rudi Nyuma. Mheshimiwa Kirobo akamuuliza kama kiraka kile ni cha mumewe, aliyeapa kwa Picha.

Bi Tunu alizitazama kadi, akaziweka mezani.

"Mama," Idarusi alisema kwa sauti ya chini.

"Nyamaza, baba," akamwambia, kama mama anavyomwita mwanawe. Kisha akaligeukia Baraza. "Jibu langu halimo humu. Naomba nisome."

Alikuwa ameinakili ile mistari kwenye karatasi kwa kalamu ya kuchorea vyungu. Aliisoma yote, na uso wake haukubadilika hadi pale mumewe aliposema hana ujasiri. Hapo aliisogeza karatasi karibu na macho, akaendelea. Mheshimiwa Ngwali hakumkatiza.

Hukumu ilitoka kabla ya saa kumi na moja. Idarusi hana kosa. Kiraka kihamishiwe daftari la Wamaneno. Makame, marehemu, amevunja kiapo. Jina lake lifutwe. Bi Tunu, kwa kubofya Jeneza pasipo jeneza, asiingie Bustani siku arobaini.

Fundi alikuja asubuhi na ngazi na patasi. Bi Tunu alikuwepo, nami nilisimama naye. Wapicha waliokuwa wakipita waligeuza nyuso, na wengine walikuwa wamekula nyumbani kwake mara nyingi. Fundi alipofika herufi ya tatu alishuka, akaomba radhi, akasema anaweza kulipaka jina chokaa tu badala ya kulibandua kwa patasi. Bi Tunu akamwambia afanye alivyoagizwa, asije akapata matatizo.

Upande wa pili mambo yalikuwa tofauti, wala sikuyaona mazuri zaidi. Kabla ya siku tatu kwisha Wamaneno walikuwa wakimtaja Makame kama mmoja wao tangu zamani. Walisema alikuwa hodari, alizaliwa na kipaji, hakuwahi kukosea herufi. Walimwomba mjane ruhusa ya kuweka jina lake kwenye Kitabu. Alikataa. Alisema mumewe alikosea herufi, ameandika mwenyewe, na kama hawawezi kuliweka hilo basi wasiweke kitu. Hawakuliweka.

Katika nchi nzima sikukutana na mtu aliyesema jambo lililokuwa wazi: kwamba kiraka kile kiliandikwa kwa mkono wa mlango mmoja na kikapatikana kwa jicho la mlango wa pili, na bila yote mawili kingefagiwa. Nilijaribu kulisema kwa Mheshimiwa Kirobo. Alinisikiliza kwa upole, akaniuliza kama nimemaliza vitufe.

Nilikuwa nimebakiza majina ya fomu, na ile ya kizuizini ilikuwa mojawapo. Kazi yangu ni kuandika lebo, na Baraza hukagua idadi ya herufi tu. Chini ya Mgeni na Jeneza niliongeza lebo moja fupi: Jamaa. Ilipitishwa pamoja na nyingine mia nne, pasipo mtu kuinua macho. Sikujivunia. Nimeandika lebo nyingi zisizosomwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuomba isisomwe.

Siku niliyoondoka Idarusi alikuja kula kwa mama yake. Alipita kizuizini mchana kweupe. Alikuwa amebeba kibodi ya zamani kwenye mfuko, wakaiweka mezani kati ya sahani, na Bi Tunu akawa anaandika kwa kidole kimoja jina la kijana wake, polepole, akikosea na kuanza tena. Hakuna aliyemharakisha.

Bi Tunu alinisindikiza hadi mwisho wa mtaa. Nilimuuliza kama anajutia lile jina ukutani.

"Naona uchungu," akasema. "Alilipenda. Lakini lile walimpa wao. Mtoto nilimzaa mimi."

Kisha naye akaniuliza: je, kwetu pia watu hutengwa kwa njia wanayoitumia kufanya kazi ile ile, huyu akamwona yule mjinga, na yule akamwona huyu mwenye majivuno, hata wakaacha kuamkiana?

Nikamwambia kwetu hakuna sheria ya namna hiyo. Alifurahi sana, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nina bahati ya kuzeekea huko. Sikumwambia kwamba sisi tunafanya hivyo hivyo bila kulazimishwa na sheria yoyote.